Haradali yako si mbovu, umeiua kwa maji ya moto

Wiki hii nimerudishiwa mifuko miwili ya haradali hapa Darajani, yote kwa kauli ile ile: "Umeniuzia kuukuu, haina hata ukali." Wa pili alikuwa mama wa heshima zake, nikampa kigoda akae. "Bi mkubwa, ulipokwisha kuisaga ukaifanyaje?" Kumbe kaitia maji yanayotokota, kisha kaichemsha pamoja na siki na embe.

Watu wanadhani punje ya haradali imebeba ukali wake ndani, kama pilipili. Hiyo ndiyo dhana inayonitoa roho. Inuse nzima uone kama inanuka kitu. Ndani yake mna vitu viwili vilivyotengana, asili ya ukali na kimeng'enya chake, yaani kichocheo kinachoutoa, na havikutani mpaka punje ipasuke na iguse maji. Kitunguu nacho hakikulizi mpaka kisu kipite. Sasa hicho kimeng'enya hakistahamili moto. Ukishakimwagia maji ya moto, hata ungoje mpaka magharibi hupati kitu.

Nikamtilia unga kwenye vikombe viwili, kijiko kijiko. Kimoja nikakiroweka kwa maji ya mtungi, cha pili kwa maji ya chupa ya chai. Tukazungumza habari za mwanawe aliyeko Wete, kama dakika 10 hivi. Aliponusa cha kwanza alirudi nyuma, machozi yakamlengalenga. Cha pili kilikuwa uchungu mtupu.

Basi ponda, roweka kwa maji baridi, ngoja dakika 10, ndipo utie siki au ndimu. Siki huushika ukali pale ulipofika. Ukiitanguliza, utapata haradali ya upole. Ya achari mie naitia sufuria ikishapoa kabisa, tena ya kinu, chengachenga, si ule unga wa brenda. Asiyeweza kungoja dakika 10 anunue pilipili.

Mengine sitayakawiza. Ile njano ya kung'aa ya haradali ya chupa ni bizari ya manjano iliyotiwa humo, kwa hiyo msinirudishie unga kwa sababu umepauka. Haradali nyeupe huuma ulimini, ya kahawia na nyeusi hupanda puani. Chagua unapotaka ikuume. Habasoda si haradali nyeusi: habasoda ina pembe, haradali ni duara na hubingirika kiganjani. Nimewahi kuletewa achari ya habasoda nionje, sikumaliza kijiko.

Na nyinyi wapishi wa mahoteli mnaoniuliza kama ninayo "mbegu ya Dijon ya Ufaransa yenyewe": mbegu nyingi za haradali hiyo hutoka Kanada. Ukame ulipoipiga Kanada mwaka 2021, mwaka uliofuata Wafaransa wenyewe walikuta rafu tupu madukani. Dijon ni namna ya kuitengeneza.

Waliobaki ni wanaozikaanga nzima, kisha wananiambia hazikuwasha. Haziwashi! Huko unatafuta harufu na ladha ya njugu iliyokaangwa. Mafuta yapate moto, tia nyeusi kijiko kimoja, funika upesi maana zinaruka mpaka machoni, na mlio ukianza kupungua mimina juu ya chatne ya nazi. Ukichelewa hapo zinaungua, na chatne yote inakuwa chungu.