Kuku kasimama wima, mkia chini, anakamua: hapo yai limekwama

Juzi asubuhi chai haijaisha nikapigiwa simu na bibi mmoja wa Mikindani ambaye huwa namchanjia kuku wake, nikamwamkia shikamoo, marahaba yenyewe akaitikia juu juu, "dokta, mdondo umeingia, tetea langu limesimama tu toka jana halili, nishachukua kisu". Nikamuuliza bibi dalili za mdondo, yaani kideri: shingo imepinda? Hapana. Anaharisha kijani? Hapana. Wenzake je? Wazima, wanakula. Ametaga lini mara ya mwisho? Akanyamaza kidogo, akasema juzi alikua anaingia kwenye kiota na kutoka, anaingia na kutoka, ila yai hakuliona. Nikamwambia bibi weka kisu chini, nakuja na bodaboda.

Nimemkuta kuku kasimama wima kama mtu, kajivimbisha manyoya, macho nusu kufumba, na mkia uko chini unapanda na kushuka taratibu kama mtu anayepiga pampu ya baiskeli. Huo mkia ndo wa kuangalia. Kuku anayeumwa kawaida anazubaa tu, ila huyu wa yai anakamua, na ukimtazama dakika mbili utaona anachuchumaa anasukuma, anainuka, anachuchumaa tena. Nikamshika, nikapapasa chini ya mkia kati ya ile mifupa miwili myembamba ya nyonga, nikakutana na kitu kigumu cha mviringo. Ndo lenyewe.

Wengi wanachanganya na kuku anayetaka kuatamia. Anayeatamia ukimsogelea anavimba, anakoroma, anadonoa mkono, na akitoka kiotani mara moja kwa siku anakunya rundo kubwa kisha anakula kwa pupa. Wa yai kukwama hana nguvu ya kukudonoa, na mavi yake yanakua kidogo sana au hayatoki kabisa, kwasababu yai limebana njia.

Sasa matibabu, na hapa naomba msome taratibu. Tulichukua beseni, maji ya uvuguvugu unayoweza kutumbukiza kiwiko bila kushtuka, tukamkalisha kuku mpaka maji yafike tumboni, bibi kamshika mbawa mi naongeza maji ya moto kidogo kidogo yasipoe (mnyanyue kuku kwanza ndo umimine, usimuunguze), kama dakika 20 hivi. Kuku mwenyewe akalegea, akafumba macho. Tukamkausha kwa kanga, nikapaka mafuta ya kula kwenye njia ya kutagia na kidole kidogo ndani, kwa upole, kucha zimekatwa. Alafu tukamweka kwenye boksi lenye majani makavu, chumba chenye giza na joto, maji yenye glukosi pembeni, na nikampa kalisiamu ya maji kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake, tone kwa tone pembeni ya mdomo ili isiingie kwenye mapafu. Tukatoka, tukafunga mlango. Kuku anahitaji utulivu, ukimchungulia kila dakika tano anabana tena.

Kuna kitu kimoja mtu asikudanganye: usikamue tumbo kwa nguvu na usilivunje yai likiwa ndani. Miaka yangu ya mwanzo niliwahi kukubali kulivunja kwasababu mwenye kuku alikua ananisukuma, vipande vya ganda vikamchana ndani, siku ya tatu kafa. Bado naumia nikikumbuka. Ukirudia maji ya uvuguvugu mara mbili tatu na siku nzima imeisha yai halijatoka, mpeleke kwa daktari wa mifugo, maana kuku anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

La bibi lilitoka baada ya saa mbili na kitu. Ganda lina chenga chenga kama msasa, upande mmoja ukibonyeza kwa dole gumba linabonyea, na mchirizi mwembamba wa damu. Nikamuuliza wanakula nini? Pumba na makopa (muhogo mkavu) yaliyotwangwa, na wamefungiwa bandani toka majirani walipoanza kupanda karanga, wasifukue mbegu. Jibu lote liko hapo.

Yai linatengenezwa kwa masaa 24 mpaka 26, na karibu masaa 20 ya hayo ni ganda peke yake, sehemu kubwa ni usiku kuku akiwa kalala. Ganda moja linakula kama gramu 2 za kalisiamu. Pumba na makopa karibu hazina kitu, kwahiyo anachota kwenye mifupa yake mwenyewe, na kalisiamu hiyo hiyo ndo inayofanya misuli ya kusukuma yai ifanye kazi, ikipungua ganda linakua bovu na msuli unachoka kwa pamoja. Akiwa huru anaokota konokono, wadudu, anaota jua analopatia vitamini D. Mfungie gizani, vyote hivyo vimekatika. Na joto letu la Novemba na Desemba kuku akihema mdomo wazi ganda linazidi kua jembamba.

Inaniuma kwasababu sisi watu wa pwani dawa tunaikanyaga. Kina mama wakienda kuokota chaza maji yakipwa, makombe yanabaki marundo. Yaoshe chumvi itoke, yaanike, yatwange kwenye kinu mpaka yawe kama chenga za mchele, sio unga, kwasababu chenga zinakaa kwenye firigisi na kuyeyuka pole pole usiku wakati ganda linajengwa. Ukiyapitisha motoni kidogo yanatwangika rahisi, ila usiyachome mpaka yawe chokaa nyeupe, hiyo inaunguza koo. Weka kwenye kopo lake pembeni, wanaotaga watachukua wanachohitaji, na usiwachanganyie vifaranga kwenye chakula, kalisiamu nyingi inaharibu figo zao. Dagaa wa kusaga nao wanasaidia.

Ukiona nyama nyekundu imetoka nje baada ya kutaga, mtenge saa hiyo hiyo maana wenzake wataidonoa mpaka wamuue. Osha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, paka asali au sukari uvimbe upungue, kisha rudisha ndani taratibu kwa kidole chenye mafuta. Na kama tumbo linaning'inia kama mfuko wa maji, hilo linaweza kua yai lililopotelea tumboni, nyumbani hulimalizi mwenyewe.

Zile dawa za unga za kuchanganya kwenye maji hazitoi yai. Bibi alishazinunua, nikamwambia azirudishe dukani, kopo la makombe tukaliweka pembeni ya banda siku hiyo hiyo, na kabla sijapanda bodaboda kuku wengine wawili walishaanza kuyadonoa.