Zawadi za kifungua mimba: dhana potofu na ukweli

Ukiingia chumbani kwa binti aliyejifungua juzi, iwe Mbagala, Tabata au Tanga mjini, lundo hutalikosa. Mabeseni ya plastiki yamepangwa moja ndani ya jingine, kila moja na utepe wake. Juu yake mablanketi ya manyoya, seti za kofia na soksi, na mafuta ya kujipaka ya kutosha hadi mtoto aanze shule. Mzazi mwenyewe yuko kitandani, kajifunga khanga ileile aliyotoka nayo hospitali, anamtafuta wa kumchemshia uji.

Waliotoa walitoa kwa moyo mweupe. Ila zipo dhana kadhaa zinazotuongoza tukishika njia ya Kariakoo, na nyingi hazina mashiko.

“Zawadi ni ya mtoto”

Hii ndiyo iliyozaa nyingine zote. Mtoto mchanga mahitaji yake ni machache: joto, ziwa la mama, kitambaa safi, chandarua. Kazi yote imebaki kwa mama, naye katika kujifungua mara ya kwanza hajui hata nini kinamsubiri. Damu ya uzazi inaweza kuendelea kumtoka hadi wiki sita, na siku za mwanzo hutoka kwa wingi. Pakiti kadhaa za pedi kubwa ni zawadi ambayo karibu hakuna anayeifikiria, pengine kwa aibu, na ndiyo inayoisha kwanza. Zifunge kwenye mfuko mweusi, umpe mkononi mkiwa wawili. Ataelewa.

Halafu kuna usiku. Mtoto mchanga hunyonya mara nane hadi kumi na mbili ndani ya saa 24, na mama anayenyonyesha hupatwa na njaa na kiu ya ghafla. Saa tisa usiku nyumba nzima imelala, mtoto yuko ziwani, mshono bado unauma. Nani atainuka kuwasha jiko? Chupa ya chai iliyojazwa uji na kuwekwa kando ya kitanda tangu saa nne inalimaliza tatizo hilo. Ukichagua, pima mfuniko kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili una mtoto. Ile ya kubonyeza juu inafaa kwa chai lakini uji mzito unaiziba, kwa hiyo chukua ya mdomo mpana.

Chakula chenyewe nacho ni zawadi. Uchagani mzazi hupelekewa mtori, Pwani uji wa pilipili manga na supu ya kuku wa kienyeji. Wazee hawakukosea kutanguliza chakula. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aendelee na vidonge vya madini ya chuma kwa wiki sita hadi kumi na mbili baada ya kujifungua, kwa sababu damu iliyopotea lazima irudi. Kilo moja ya dagaa waliochambuliwa, maharage, maini ya leo na fungu la mchicha havipendezi kwenye picha, lakini vinaliwa. Ukipeleka supu, ipeleke kwenye chombo usichohitaji kurudishiwa. Kumfanya mzazi awaze vyombo vya watu ni kumwongezea mzigo.

Na kama una kiasi kidogo kweli, mlipie mama wa kufua aje siku mbili kwa wiki kwa mwezi wa kwanza. Nepi haziishi. Wifi anayekuja kukaa saa nzima akipiga soga huku ndoo ya nepi imejaa uani, huyo kaja kutembea tu.

“Khanga ni zawadi ya bibi zetu”

Acha wanaosema hivyo waseme. Doti moja ni vipande viwili: kimoja mama anajifunga, cha pili kinambeba mtoto, kinamfunika akinyonya, kinatandikwa, kinafuta cheuo, na kikichakaa kinachanwa nepi. Blanketi la manyoya, katika joto la Dar es Salaam mwezi Februari, linafanya kazi gani? Kinachotakiwa ni pamba halisi, si ile inayoteleza, na khanga mpya ina wanga unaoifanya kakamavu. Ifue mara mbili kabla ya kuipeleka. Wengine wataona umepeleka khanga iliyovaliwa. Mzazi atakushukuru ikigusa ngozi ya mtoto.

“Pampasi za mchanga, nyingi iwezekanavyo”

Watoto wengi huzaliwa na kilo tatu hivi, na uzito huo huongezeka maradufu mtoto akikaribia miezi mitano au sita. Ukichanganya wageni kumi, kila mmoja na pakiti ya saizi ndogo kabisa, nusu itabaki kabatini mtoto akiwa keshanenepa. Nunua saizi inayoanzia kilo tano na kuendelea, na usikate plastiki ya nje ili duka likubali kubadilisha. Nepi za kitambaa cheupe na vibanio vya kuanikia zinamfaa zaidi mwenye maji ya kutosha nyumbani. Asiyekuwa na maji, anayenunua kwa ndoo, kwake pampasi si anasa.

“Mtumba ni kumdharau mtoto”

Mtoto anavaa nguo wiki chache, inambana, inawekwa. Ndiyo maana nguo za mtumba za watoto pale Karume, au Gikomba kwa walioko Nairobi, mara nyingi ziko kama mpya. Kwa bei ya seti moja ya dukani yenye boksi unapata kadhaa za pamba nzito. Chagua zinazofunguka mbele au zenye vifungo vya kubana begani. Za kupitisha kichwani zinamtesa mama mgeni, hasa kitovu kikiwa hakijadondoka.

Sharti ni moja, nalo ni la nguo zote, hata za dukani: zifuliwe, zikauke juani, zipigwe pasi pande zote mbili. Huku kwetu kuna nzi wa embe, anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini kwenye nyasi. Kiluwiluwi chake hupenya ngozini na kuvimba kama jipu lenye tundu katikati. Moto wa pasi unaua mayai hayo.

Kigari cha kujifunzia kutembea ndicho kisichofaa, kiwe cha mtumba au kipya. Canada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004, kwa sababu watoto walikuwa wakiporomoka nacho ngazini. Wala hakimwahishi mtoto kutembea.

“Kopo la maziwa litamsaidia maziwa yakichelewa”

Hapa niseme wazi: usipeleke, labda mama mwenyewe ameomba au daktari ameagiza. Siku za kwanza maziwa ni kidogo, mazito, ya njano, na ndiyo kiasi kinachotakiwa. Tumbo la mtoto ni dogo mno. Ushauri wa kitaalamu ni maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji wala dawa ya chupa ya kutuliza tumbo. Mtoto akishibishwa kopo, ananyonya kidogo. Akinyonya kidogo, maziwa yanapungua. Yakipungua, mama anaamini kweli hana maziwa. Na kopo la gramu 400 halimfikishi mtoto wa mwezi mmoja wiki nzima. Likiisha, nani atanunua la pili?

Tangu mwaka 1981 kuna kanuni ya kimataifa inayozuia kampuni za maziwa hayo kuwagawia kina mama sampuli za bure. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012. Kilichokatazwa kwa kampuni, sisi mashangazi tunakifanya kwa pesa zetu wenyewe, tena kwa utepe.

“Mtoto lazima apambwe”

Poda: vumbi lake likivutwa linaumiza mapafu ya mtoto, na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani hakiishauri. Mto wa kutengenezea kichwa: mtoto aliye chini ya mwaka alale chali, mahali pagumu kidogo, bila mto wala midoli. Wanja wa manga ndio mgumu kuusema mbele ya mama wa Zanzibar au Mombasa, maana umetoka kwa mama yake, na jamaa wa Oman bado wanauleta kama tunu. Wanja mwingi wa asili hutengenezwa kwa jiwe lenye risasi, ile metali, na hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto. Kama wanja ni wa kumkinga mtoto na kijicho, kijicho na kiogopwe kwa dua.

“Kununua kabla hajajifungua ni uchuro”

Imani ya mtu siigombi. Lakini kliniki nyingi humwandikia mjamzito orodha ya vitu vya kwenda navyo leba: khanga safi, mpira wa kulalia, glovu, pamba, beseni. Uchungu hausubiri duka lifunguliwe. Familia ikiogopa, nunua uweke kwako, na begi likabidhiwe siku ya kwenda hospitali. Chandarua chenye dawa hugawiwa kliniki, kwa hiyo uliza kabla ya kununua cha pili. Huenda kilichokosekana ni misumari na kamba ya kukitundika.

“Kutoa pesa ni uvivu”

Kwa nini? Mama na mtoto wanatakiwa kuonekana kituoni siku ya pili au ya tatu, kisha wiki ya pili, kisha wiki ya sita, na bajaji halikubali beseni kama nauli. Bahasha ndogo, au pesa ya simu, inatosha. Itume kwenye namba ya mzazi mwenyewe, si ya mume wala mama mkwe. Kazini mkichanga, mteueni mmoja amuulize kwanza mama yake au dada yake kitu gani kimepungua, maana mzazi mwenyewe akiulizwa atasema “chochote tu, dada”, na hapo mtaishia kununua beseni.