Eka tatu za Mzee Karume: mkono uliotoa ndio uliochukua

Kila inapokaribia tarehe 7 Aprili, mabaraza ya Unguja yanarudia ugomvi wake. Hitma inasomwa Kisiwandui, pale pale Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, alipouawa mwaka 1972 na alipozikwa. Jioni, kwenye kahawa, watu wanagawana pande. Hawa wanamtaja aliyetoa ardhi, skuli bure, matibabu bure na majumba ya Michenzani. Wale wanamtaja aliyezima uchaguzi, akajaza magereza, na watu wakapotea wasionekane tena. Halafu anatokea mtu mzima mmoja anasema basi, kila binadamu ana mazuri na mabaya yake, tumuombee. Mazungumzo yanahamia kwenye mpira.

Huyo mtu mzima ndiye ninayebishana naye hapa. Kazi yangu ni sheria ya ardhi, na majalada ninayoyafungua yanaanzia kwenye amri za 1964 hadi 1966. Humo sijawahi kumuona Karume wa mazuri amekaa upande wake na Karume wa mabaya upande mwingine. Ni mtu yule yule, kwa amri ile ile, mara nyingine juu ya shamba lile lile.

Anayetaka kujua kwa nini eka tatu alizogawia wakulima zinapendwa hivi lazima ajue mashamba yalivyokuwa kabla. Kwetu ardhi na miti ni mali mbili. Mkarafuu una mwenyewe, na anayelima muhogo chini yake anaweza kuwa mtu mwingine kabisa. Ndivyo walivyoishi maelfu ya watu Unguja: wamejenga kibanda kwenye shamba la tajiri, mara nyingi Mwarabu, wanapanda chakula katikati ya miti, wanapalilia, na msimu ukifika wanachuma karafuu. Ruhusa ilikuwa ya mdomo. Muhogo na viazi ruksa, lakini mnazi au mwembe hupandi bila kuuliza, maana anayepanda mti wa kudumu ameshaanza kudai. Mambo yalikwenda kwa mazoea na kustahiana mpaka siasa ilipoingia. Baada ya uchaguzi wa 1957 wenye mashamba wakaanza kuwafukuza waliojulikana kuwa wafuasi wa Afro-Shirazi, chama cha Karume. Mtu aliondoka na sufuria zake na mkeka, muhogo ukabaki ardhini haujakomaa.

Julai 1963 Afro-Shirazi ikapata asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Uhuru ukaja Disemba mikononi mwa wengine, na Mapinduzi yakafuata Januari 12, pamoja na mauaji ambayo idadi yake inagombaniwa mpaka leo.

Machi 1964 ardhi yote ikatangazwa kuwa mali ya serikali. Mwaka huo huo ikatoka amri iliyompa Rais uwezo wa kutaifisha shamba au nyumba yoyote pale anapoona maslahi ya taifa yanataka hivyo, bila fidia. Kuanzia 1965 mashamba yakagawiwa eka tatu tatu, na hadi kazi ilipokwisha katika miaka ya 1970, familia zaidi ya elfu ishirini zilikuwa zimepata. Kwa visiwa vidogo kama hivi vyetu hilo si jambo la kupita juu juu. Na mimi sina shaka kwamba yule aliyeacha muhogo wake ardhini alikuwa anastahili kupewa.

Sasa tuitazame karatasi aliyopewa. Wazee huja nayo imekunjwa mara nne, imechanika kwenye mikunjo, ndani ya mfuko wa plastiki. Mipaka imetajwa kwa miti: kutoka mwembe huu hadi ule mnazi, na mwembe wenyewe ulishaanguka zamani. "Mwanangu, eka hii kanipa Mzee Karume, nani wa kunitoa?" Ndivyo wanavyouliza, na jibu la sheria si zuri. Kwa utaratibu uliowekwa 1966 aliyepewa eka alipewa kutumia. Hakuruhusiwa kuuza wala kuigawa vipande, na serikali ilibaki na uwezo wa kuichukua. Kwa hiyo wa kumtoa ni yeyote aliyekikalia kiti cha Mzee Karume baada yake. Sheria ya Ardhi ya 1992 imeingiza utaratibu mwingi, na Mahakama ya Ardhi imeundwa kwa sheria ya 1994, lakini msingi haukubadilika: ardhi yote ni ya umma, iko chini ya Rais, na mwananchi anachopata ni haki ya matumizi.

Tabu kubwa inaanza mzee anapofariki. Tuseme ameacha mjane, watoto watatu wanaume na wanne wanawake, na hapa kwetu hiyo si familia kubwa. Kwa mirathi ya Kiislamu mjane anachukua thumni, sehemu moja ya nane, yaani eka 0.375. Zinabaki 2.625, mafungu kumi: kila mwanamume mawili, kila binti moja. Mtoto wa kiume anapata kiasi cha nusu eka, binti robo eka na kidogo. Kadhi anagawa hivyo kwa sababu ndiyo dini, na sharti la eka linasema isigawike. Basi familia zinatafuta njia ya katikati: wanagawana kwa mdomo, kaka mkubwa anauza kipande kwa mtu anayetaka kiwanja, barua inaandikwa kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, nyumba inasimama. Nenda Fuoni au Mwera uone eka ngapi zimekuwa mitaa kwa njia hiyo. Mabinti ndio wanaokuja kwangu, kwa kawaida baada ya msingi wa nyumba kumwagwa.

Na wapo wanaokuja na karatasi za aina nyingine, zilizosajiliwa kabla ya 1964. Ni watoto na wajukuu wa waliotaifishwa, baadhi wanaishi Oman au Uingereza, baadhi hawajawahi kuondoka Unguja. Si wote walikuwa matajiri wa mikarafuu elfu. Katika amri nilizozishika mimi, jina la mwenye mali limo, mahali pametajwa, saini ipo. Sababu haimo. Hakuna pa kuonyesha kwamba aliulizwa neno, wala kwamba alikuwa na mahali pa kwenda kulalamika.

Pemba mambo ni mengine tena. Karafuu nyingi ni za huko, na wengi waliokuwa nazo walikuwa wakulima wadogo wenye miti yao wenyewe, kwa hiyo eka tatu hazikuwa ukombozi kama ulivyoonekana Unguja. Ukikaa na mzee wa Wete au Micheweni atakutajia bakora za hadharani baada ya Mapinduzi, na njaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele, unga wa ngano na sukari vilikuwa kwa mgao na foleni, huku serikali ina akiba nzuri ya fedha za kigeni. Fedha hizo zilitokana na karafuu za huyo huyo aliyekaa foleni, ambazo hakuruhusiwa kumuuzia mwingine isipokuwa serikali, kwa bei iliyopangwa mjini.

Hata wenzake wa chama hawakuwa na karatasi ya kuwalinda. Kassim Hanga na Othman Shariff, wote watu wa Afro-Shirazi, waliletwa Zanzibar kutoka bara mwaka 1969 na kuuawa bila kesi ya wazi. Mwaka uliofuata wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozeshwa kwa nguvu. Mahakama za wananchi hazikuwa na wakili wa utetezi. Ukishazoea kuhukumu shamba la mtu bila kumsikiliza, kumhukumu mwenyewe si safari ndefu.

Najua hoja inayofuata: wakati ule isingewezekana vinginevyo, adui alikuwa mlangoni. Labda kwa 1964. Lakini ilipofika 1966 hapakuwa na chama kingine wala sultani, na kumwandikia mkulima hati ya kumiliki eka zake kusingegharimu chochote zaidi ya wino. Mkulima mwenye hati, hata hivyo, anaweza kusema hapana, na naamini hilo ndilo lililokuwa halitakiwi.

Wanaoniuliza kama mali zitarudishwa nawajibu hapana. Nusu karne imepita, watu wamezaliwa na kuzikwa kwenye eka hizo, na kuwatoa leo kungekuwa kufukuza upya. Ninayoyataka mimi ni mawili. Wenye eka wapewe hati kamili, mipaka ipimwe, na majina ya warithi yaandikwe yote, mabinti pamoja. La pili, orodha ya mali zote zilizotaifishwa ichapishwe, jina kwa jina, hata kama hailipwi senti moja. La kwanza lina wapiga kura wengi nyuma yake na huenda likafanyika. La pili naambiwa kila mara kwamba ni kuchokonoa kidonda, na wanaoniambia wapo wa kila upande wa baraza.