Kutomchaji Mtu Hakukupi Leseni

Kijana kamaliza LLB, shahada ya sheria, pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), karudi kwao Kongwa au Bahi na moyo wa kusaidia watu. Anamwandikia mama fulani maombi, anaingia naye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, anaanza kuhoji mashahidi. Ukimuuliza leseni anakujibu: "Kwani kaka, mimi namchaji mtu?" Hoja hii nimeijibu hadi nimechoka, na safari hii imeletwa na kifungu kabisa: cha 43 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 341.

Haya, tukisome. Kinamkataza asiye na sifa kuandaa nyaraka za kisheria, labda athibitishe kwamba hakufanya kwa malipo wala kwa kutarajia malipo. Wapenda kujitolea wakifika hapo wanafunga kitabu. Lakini hicho ni kifungu cha kuandika. Kusimama kama wakili kunashikwa na kifungu cha 41, na huko mlango wa "sikulipwa" haupo. Halafu mzigo wa kuthibitisha ni wako, na kifungu kinagusa faida ya moja kwa moja na ya kuzunguka. Debe la alizeti ulilopelekewa nyumbani baada ya mavuno utalielezaje?

Kinachoniudhi zaidi ni kifungu cha 44. Mwandaaji wa waraka anatakiwa aweke jina na anwani yake. Vijana wengi wanakwepa, chini ya ukurasa wa mwisho wanaandika "Umeandaliwa na: Mwombaji mwenyewe." Mwombaji mwenyewe kasaini kwa dole gumba! Wakili wa upande wa pili hahitaji maandalizi yoyote, anauliza tu: "Mama, aya ya tano uliiandika wewe?" Kuanzia hapo habari ya mipaka ya shamba imekwisha, kinachopimwa ni kama mama anasema kweli.

Je, waraka wa kishoka, yaani anayefanya kazi ya wakili bila leseni, ukishagundulika unakufa? Jibu moja sina. Wapo wanaoshikilia kwamba ni batili tangu mwanzo. Wapo wanaokimbilia Ibara ya 107A(2)(e) ya Katiba, ile ya kutenda haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na kutaka mdaawa, yaani mwenye kesi, aachiwe arekebishe, kwa kuwa kosa si lake. Mimi naegemea hawa wa pili, ila shamba la mtu nisingeliweka rehani kwa mwegemeo wangu.

Njia ya kufika kwenye leseni inajulikana. Shahada, kisha Law School of Tanzania, shule ya mafunzo ya uwakili iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007, darasani na mafunzo kwa vitendo ofisini. Mtihani wake si wa kubahatisha: mwaka 2022 matokeo yalipotoka na waliofaulu moja kwa moja wakawa 26 kati ya 633, nchi nzima ilipiga kelele. Ukifaulu unapeleka ombi kwa Jaji Mkuu, unahakikiwa, unaapishwa, jina linaingia kwenye orodha ya mawakili. Kagua vyeti vyako mapema. Majina yakipishana kati ya cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha chuo, utaanza kuhangaikia hati za majina wakati wenzako wanapimisha majoho. Na ukishaapishwa bado kuna leseni ya kila mwaka, inayoisha 31 Desemba. Januari ikipita hujahuisha, umekuwa kishoka mwenye joho. Mteja ana haki ya kuangalia jina lako kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa mawakili, msimkasirikie.

Sasa asiye na leseni akae bure? Hapana. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, kifungu cha 30, inamruhusu mdaawa kuwakilishwa kwenye Baraza la Wilaya na ndugu au mtu wa kaya yake. Kama mama huyo ni shangazi yako, ingia, ila unaingia kwa undugu, shahada iache nyumbani. Kama si ndugu, fanya kazi chini ya taasisi iliyosajiliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ukijua msaidizi wa kisheria hawakilishi mtu mahakamani na hatozi.

Kazi iliyobaki ni kubwa kuliko mnavyodhani, na nyingi ni ya tarehe. Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata linapatanisha tu, haliamui. Kwa hiyo "hukumu ya kata" ya juzi anayokuja nayo mtu wa Chamwino si hukumu. Kata ikishindwa, inatoa cheti cha kushindwa kusuluhisha. Siku 30 zikipita bila suluhu, anaweza kwenda Baraza la Wilaya bila cheti.

Akishindwa huko, ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Hapa mwandikie barua siku ileile ya hukumu, akiomba nakala ya hukumu na hukumu kazi, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu. Barua iwe nakala mbili, ya kwake igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2021 kwamba siku za kusubiri nakala zinaondolewa zenyewe kwenye hesabu, mradi kumbukumbu zionyeshe aliomba lini na alipewa lini. Akienda masjala kuomba kwa mdomo, tarehe hiyo haipo popote.