Gundi ya panga la helikopta haikauki, inaiva

Juzi nimeulizwa tena: "Mwalimu, imekauka?" Mbele yetu mezani lilikuwepo panga la helikopta. Kiraka kipya kilikuwa ndani ya mfuko uliofyonzwa hewa, na juu ya mfuko blanketi la umeme lilikuwa likipasha joto. Aliyeuliza ni kijana makini, mwenye mikono mitulivu, na wala hakukosea kwa uzembe. Neno hilo amelichukua kwa mafundi waliomtangulia, nao walilipokea vilevile kwa waliowafundisha. Nimelisikia kwa watu wenye leseni na uzoefu wa miaka mingi. Nimelivumilia muda mrefu, na sasa naona kunyamaza ni kuwanyima vijana kitu watakachokihitaji.

Kwanza dhana yenyewe, kwa haraka. Laminati ni matabaka ya kitambaa cha nyuzi za kioo au za kaboni, yaliyoloweshwa resini (kimiminika kizito cha kiwandani kinachogeuka kuwa kigumu), yakapangwa moja juu ya jingine na kushindiliwa mpaka yakawa kitu kimoja kigumu. Jina linatoka kwenye neno la Kilatini lamina, yaani bamba jembamba. Kugundisha laminati ni kuiunganisha na sehemu nyingine ya panga kwa tabaka la gundi, aghalabu lenye unene kati ya sehemu ya kumi na robo ya milimita. Gundi hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Bolti na ribiti hutoboa matundu, na kila tundu hukata nyuzi na kukusanya mkazo mahali pamoja, kwa hiyo ngozi ya panga hushikwa na gundi tangu karibu na shina hadi nchani. Helikopta ya Kijerumani Bo 105, iliyoruka mara ya kwanza Februari 1967, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kutegemea mapanga ya faibaglasi. Black Hawk ya Marekani imekuwa na mapanga yenye mhimili wa titani, ngozi ya faibaglasi, na katikati yake sega, ambalo kwa umbo ni sega hasa, kama la nyuki.

Basi, hiyo ndiyo maana. Sasa tulijie neno.

Kosa la kusema gundi "imekauka" nadhani linaanzia kwenye kivumishi kimoja kizuri sana cha Kiswahili: -bichi. Tunasema embe bichi, nyama mbichi, unga mbichi. Tunasema pia kuni mbichi, na nguo iliyoanuliwa mapema kabla jua halijaimaliza nayo huitwa mbichi. Neno ni moja, lakini vinyume vyake ni viwili. Embe bichi likingojewa huwa bivu. Nguo mbichi ikianikwa huwa kavu. Hakuna anayesema embe limekauka akimaanisha limeiva. Akisema hivyo tutaelewa limeharibika. Na hakuna anayesema kanzu yake imeiva kambani. Kwenye chakula na nguo hatukosei hata tukiwa usingizini. Tunakosea kwenye gundi, kwa sababu gundi ikiwa mbichi inanata na inalowesha kama kitu chenye maji, na macho yanatuambia kwamba kinachosubiriwa ni maji yaondoke.

Kwa gundi fulani macho hayadanganyi. Gundi nyeupe ya useremala hukauka kweli: maji yaliyomo hutoka yakaingia kwenye mbao na hewani, na kinachobaki ndicho kinachoshika. Gundi ya fundi viatu nayo hukauka. Kile kiyeyusho chenye harufu kali hupaa, ndiyo maana fundi huipaka pande zote mbili akaiacha kidogo kabla ya kubana. Kuna sherisi, kuna ulimbo, kuna gundi ya mti. Hizo zote zimetuzoesha kukauka.

Epoksi, ambayo ndiyo gundi yetu ya panga, haimo katika ukoo huo. Unachanganya vitu viwili, resini na kile ambacho mafundi wa bodi za magari wanakiita hadina, na molekuli zake zinashikana mikono kila upande mpaka zinakuwa wavu mmoja usiotengana. Hakuna kinachohitaji kutoka. Chukua Araldite ya mirija miwili kutoka duka la vifaa vya ujenzi, uichanganye juu ya mzani mdogo wa sonara, uiache hadi kesho: uzito utaukuta karibu uleule. Fanya hivyo kwa kitambaa kilicholowa maji, uone. Tena gusa kikopo ambamo epoksi nyingi imechanganywa kwa mara moja. Kitakuwa cha moto, na ikizidi kitafuka moshi. Kukauka hupoza, kama mtungi unavyopoza maji kwa kutoa jasho. Kuiva kwa epoksi kunatoa joto. Mambo mawili yanayokwenda pande mbili tofauti namna hiyo hayastahili kitenzi kimoja.

Yai likichemshwa haliwi kavu. Linaiva, na haliwezi kurudi kuwa bichi hata ulitie maji wiki nzima. Epoksi iliyoiva ni hivyohivyo. Gundi nyeupe iliyokauka, aina nyingi ukiziloweka zinalegea.

Waingereza wenyewe husema cure, neno ambalo mzizi wake ni cura ya Kilatini: uangalizi, kutunza. Kwa mzizi huohuo daktari anaponya na mkulima anaitunza tumbaku bandani. Nimewahi kuona tafsiri iliyoandika "kuponya gundi", na nilimwelewa mfasiri, maana kamusi ilimpeleka huko. Lakini sisi hatuhitaji kuazima wala kupapasa. Tuna kuiva, tuna kuivisha, na kwa wanaojua mambo ya ndizi tuna kuvundika: unafunika, unazuia hewa, unaweka joto, unasubiri siku zake. Mfuko wa plastiki na blanketi la umeme juu ya panga la helikopta vinafanya kazi ambayo bibi zetu wangeitambua mara moja. Waashi nao wanalijua hili kwa upande wao. Zege likimwagwa wanalinyweshea maji kwa siku saba, na mwashi mzuri ukimwambia "liache likauke" atakukatalia, kwa sababu likikauka mapema halishiki na linapasuka.

Huenda msomaji akaniuliza, sasa neno tu lina madhara gani, ikiwa panga linatoka zima? Lina madhara kwa sababu anayesubiri kitu kikauke huwa na akili ya kukausha. Atataka hewa ipite, na kumbe mfuko umefungwa kwa makusudi ili hewa isiwepo, shinikizo libane laminati sawasawa, na mapovu yasibaki kwenye gundi. Atafikiri kuongeza hadina kutaharakisha, kama kuanika juani badala ya kivulini. Hadina inayozidi haipati wa kushikana naye. Inabaki ndani ya wavu kama mgeni asiye na kiti, na gundi inakuwa dhaifu. Na zaidi ya yote, atapima kwa kidole.

Hili la kidole ndilo linaloninyima raha. Gundi iliyominywa ikatokeza pembeni ya kiraka inaweza kuwa ngumu kama kucha, huku ile iliyo chini ya laminati, karibu na shina la panga penye chuma kinene, ingali nusu mbichi. Chuma kinakunywa joto. Ndiyo maana tunatandaza waya za kupimia joto kuzunguka kiraka, na saa ya kuivisha haianzi kuhesabiwa mpaka waya iliyo nyuma kuliko zote imefikia joto linalotakiwa. Gundi nyingi za karatasi, zile zinazokuja zimeviringishwa kama jora la kitambaa, huivishwa kwenye nyuzijoto 120 hivi za selsiasi kwa saa moja au zaidi, na nyingine kwenye 177. Ikiishia njiani, itaonekana imeshika. Itashika karakana, itashika asubuhi kwenye ubaridi. Siku panga likishinda juani na kupata moto, ile nusu iliyobaki mbichi inalainika. Na panga si mahali pa kulainika. Kwenye ncha ya panga lenye urefu wa mita 5, linalozunguka mara 400 kwa dakika, kila gramu moja huvutwa kwenda nje kwa nguvu sawa na uzito wa karibu gramu 900. Kiraka cha gramu mia moja kinavuta kama mtu mzima mzito anayening'inia.

Ungetegemea kuwe na chombo cha kutuokoa na haya. Vipo vyombo, na vinasaidia. Tunagonga panga kwa sarafu na kusikiliza: palipo sawa panalia kwa sauti kali, palipoachana panajibu kwa sauti butu. Kuna mawimbi ya sauti pia, yanayoona zaidi ya sikio. Vyote hivyo vinatafuta nafasi tupu. Gundi iliyogusa pande zote mbili bila kushika kwa nguvu haina nafasi tupu, kwa hiyo inalia vizuri kabisa. Mpaka leo hakuna kipimo kinachoweza kukuambia nguvu ya ungio la gundi bila kulivunja. Tunachoweza kuvunja ni vipande vya majaribio vilivyoivishwa sambamba na kiraka chenyewe, kwa gundi ileile na joto lilelile. Kwa panga lenyewe, ushahidi ni kumbukumbu: uso ulisafishwaje, ulipigwa msasa gani, joto lilipanda kwa kasi gani, likakaa wapi, kwa muda gani.

Jambo lingine ambalo neno baya linaficha ni kwamba kukausha nako kumo katika kazi hii, tena kwa uzito wote. Panga lililofanya kazi miaka mingi Mombasa au Dar es Salaam limenyonya unyevu hewani, na kama ngozi imepasuka maji yanaweza kuwa yamejaa kwenye vijumba vya sega. Ukibandika kiraka juu ya maji na kupandisha joto hadi nyuzijoto 120, maji yanageuka mvuke na kuinyanyua ngozi uliyokuja kuitengeneza. Kwa hiyo kwanza tunakausha, kwa joto la chini na kwa uvumilivu. Halafu tunagundisha. Halafu tunaivisha. Ni hatua mbili za joto kwenye kazi moja, zenye makusudi tofauti na viwango tofauti. Fundi mwenye neno moja kwa zote mbili atazitofautishaje akisimuliwa kazi na mwenzake wakati wa kupokezana zamu?

Na kuiva kunaweza kuanza kabla hujataka. Gundi ya karatasi imekwisha kuchanganywa kiwandani, kwa hiyo tunaitunza kwenye friza, kwenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri, si ili isikauke bali ili isiive. Kila saa inayokaa nje inaandikwa. Ikitolewa inaachwa ndani ya mfuko wake uliozibwa mpaka ipate joto la chumba, maana ukiufungua ingali baridi umande utatua juu yake kama kwenye chupa ya soda.

Umande huo umewahi kuua. Tarehe 28 Aprili 1988 ndege ya Aloha Airlines, Boeing 737, ilikuwa ikiruka kutoka Hilo kwenda Honolulu, Hawaii, paa la sehemu yake ya mbele likafumuka angani. Mhudumu mmoja alichukuliwa na upepo. Rubani na msaidizi wake waliifikisha ndege Maui na wengine wote waliokuwemo wakapona. Si helikopta, lakini uchunguzi ulipofuata nyuma ulifika kwenye gundi. Maungio ya ndege zile za mwanzo yalitumia epoksi iliyotunzwa kwenye ubaridi, na katika matatizo yaliyotajwa kuhusu namna zilivyotengenezwa yalikuwemo haya mawili: umande uliotua juu yake, na gundi kuanza kuiva kabla ya kubandikwa. Maungio yakaachia kidogo kidogo, kutu ikaingia, mzigo ukahamia kwenye ribiti, nyufa zikaanzia hapo kwenye matundu, na ukaguzi haukuziona kwa wakati. Hapo hakuna kilichokosa kukauka. Kimoja kililowa, kingine kiliiva mapema, na neno kukauka halina mahali pa kuyaweka yote mawili.

Yule kijana sikumkaripia. Nilimwambia, "Mwanangu, uliza kama imeiva." Alicheka kidogo, akarudia, "Haya, mwalimu, imeiva?" Badala ya kumwacha aguse pembeni ya kiraka, nilimsogezea karatasi ya kinasa joto, yenye mistari sita ya waya sita, nikamwomba anionyeshe ule wa nyuma kabisa. Aliupata. Ulikuwa ule wa karibu na shina, umefika dakika ishirini zilizopita. Akahesabu kwa vidole, akavuta kigoda, akaketi kusubiri.