Hansen: jina moja, koo nyingi

Hansen maana yake ni "mwana wa Hans". Na Hans si mgeni kwetu: ni Johannes aliyekatwa, yule yule Yohana, au Yahya kwa wengine.

Zamani, Denmark na Norwei, hili halikuwa jina la ukoo. Lilikaa mahali ambapo mtu wa pwani angeweka bin au binti. Peter mtoto wa Hans aliitwa Peter Hansen, dada yake Hansdatter. Peter akizaa Niels, huyo ni Niels Petersen. Basi babu, baba na mjukuu kila mmoja na lake, huku kina Hansen wasiojuana kabisa wakijaa vijijini kwa sababu tu kina Hans walikuwa wengi.

Mwaka 1828 Denmark iliagiza mtoto apewe na jina la ukoo siku ya kubatizwa. Norwei ikatunga sheria yake mwaka 1923. Hapo jina likaganda: mtu akawa Hansen hata kama baba yake ni Niels. Ndiyo maana leo hakuna jina la ukoo lenye watu wengi kuliko hili Norwei, na Denmark limo katika matatu ya juu, pamoja na Nielsen na Jensen. Waswidi huandika Hansson, kwa s mbili.

Anayestahili kujulikana zaidi huku kwetu ni Gerhard Armauer Hansen, daktari wa Bergen, Norwei. Mwaka 1873 aliona kwenye hadubini bakteria wa ukoma, wakati madaktari wengi wakiamini ugonjwa huo ni wa kurithi. Wanaoona neno "mkoma" linamdhalilisha mgonjwa husema ugonjwa wa Hansen, na nadhani wana haki. Alizaliwa 1841. Mwaka uliofuata, katika mji wa Ribe, Denmark, akazaliwa Emil Christian Hansen, naye mtu wa hadubini, lakini yeye alichunguza hamira. Mwaka 1883, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, alifanikiwa kuotesha hamira safi kutoka chembe moja tu, na bia ikaacha kuharibika ovyo. Rika moja, fani zinazokaribiana, jina moja, undugu hakuna.

Undugu wa kweli upo kwa wasanifu majengo wawili wa Copenhagen, Christian na Theophil Hansen. Ukisimama katikati ya Athens, Ugiriki, chuo kikuu ni kazi ya Christian na jengo la Akademia lililo jirani yake ni la Theophil, ambaye baadaye alilisanifu pia Bunge la Austria mjini Vienna.

Wengine jina liliwachosha, wakalivua. Mchoraji Emil Nolde alizaliwa Hansen mwaka 1867. Mwaka 1902 akachukua jina la kijiji chake. Hans Hedtoft, waziri mkuu wa Denmark, alizaliwa Hedtoft Hansen akaiacha ile sehemu ya mwisho. Alipofariki mwaka 1955, aliyekalia kiti chake ni rafiki yake wa chama, Hans Christian Hansen, ambaye Wadenmark walimwita H.C. tu.