Je, wajua kwa nini msanifu majengo akiandika jina lake kwenye mchoro anaweza kutupwa nje ya shindano?

Ukiomba zabuni ya serikali, iwe ya kujenga zahanati au ya kuuza karatasi za ofisini, jina lako ndilo linalotangulia. Cheti cha usajili, namba ya mlipakodi, leseni, orodha ya kazi ulizowahi kufanya: usipojieleza vya kutosha hufiki popote. Lakini ipo njia moja ya ununuzi wa umma ambako mambo ni kinyume chake. Huko ukijitambulisha mapema, umekwisha.

Njia hiyo ni shindano la usanifu. Tuseme jiji linataka maktaba mpya. Badala ya kuwauliza wasanifu majengo wanatoza kiasi gani, linatangaza mahitaji yake (ukubwa wa kiwanja, vyumba vinavyotakiwa, kikomo cha gharama) na kuwaita walete michoro. Jopo la majaji linapanga washindi, wanapewa zawadi, kisha ndipo mkataba wa kazi yenyewe unazungumzwa. Katika Umoja wa Ulaya utaratibu huu uko kwenye Agizo la ununuzi wa umma la mwaka 2014, vifungu vya 78 hadi 82. Kenya nayo imelitaja shindano la usanifu miongoni mwa njia za ununuzi katika sheria yake ya mwaka 2015.

Sababu ya kuwapo njia hii ni kwamba msanifu anauza kitu ambacho bado hakipo. Mfuko wa saruji ni mfuko wa saruji. Ukipata wa bei nafuu wenye ubora uleule, umepata. Ramani mbili za shule moja hazilinganishwi hivyo. Moja inaweza kuwa na madarasa yanayopitisha upepo vizuri, nyingine ikamlazimu mwenye shule kulipia umeme wa viyoyozi miaka yote. Na kwa kuwa ada ya msanifu ni sehemu ndogo tu ya gharama ya jengo, kumchagua kwa sababu ametoza kidogo ni ubahili wa kujikomoa.

Sasa, kwa nini wafiche majina? Ni kama mtihani wa taifa, ambako mtahiniwa anaandika namba ili msahihishaji asijue huyu ni mtoto wa nani. Jina kubwa linapofusha. Jaji akijua mchoro umetoka kwa gwiji fulani, kasoro zake zinageuka "ubunifu". Akijua umetoka kwa kijana asiyejulikana, ubunifu wake unageuka kasoro.

Wajerumani wameushughulikia ufichaji huu hadi kwenye vitu vidogo kabisa. Mshiriki anajichagulia namba ya tarakimu sita na kuiandika kwenye kona ya juu kulia ya kila karatasi, na hata kwenye modeli ya jengo. Jina lake linakaa ndani ya bahasha iliyofungwa, nje ikiwa na namba ileile tu. Akituma kazi kwa posta, sehemu ya mtumaji haandiki anwani yake. Majaji wanapita mbele ya michoro kwa mizunguko, na katika mzunguko wa kwanza kazi haiondolewi mpaka wote wakubaliane. Bahasha zinafunguliwa baada ya orodha ya washindi kukamilika, si kabla.

Sheria ya Ulaya inataka pia majaji wasiwe na uhusiano na washiriki, na kama shindano linadai taaluma fulani, angalau theluthi moja ya majaji wawe na taaluma hiyo au inayolingana nayo. Ujerumani imepanda zaidi: inataka wawe wengi wa jopo. Majaji wakiwa na swali kwa mshiriki wanaweza kuuliza, lakini majibu yote huandikwa kwenye kumbukumbu na jina hubaki limefichwa.

Kisa kinachopendwa na wasanifu kuhusu jambo hili ni cha Paris. Mwaka 1983 Ufaransa ilishindanisha michoro ya jumba jipya la opera katika uwanja wa Bastille, na kazi zaidi ya 700 zikaletwa. Inasimuliwa kwamba baadhi ya majaji walidhani mchoro waliokuwa wakiupigia debe ni wa Mmarekani mashuhuri Richard Meier. Bahasha ilipofunguliwa, akatoka Carlos Ott, mzaliwa wa Uruguay aliyekuwa akiishi Kanada, ambaye wachache walimjua. Wengine husimulia kisa hiki kuthibitisha kwamba kuficha majina kunafanya kazi. Mimi nakisoma kinyume: jaji aliyezoea fani ananusa mwandiko hata pasipo jina, na wakati mwingine ananusa vibaya. Ott alinufaika na pazia hilo, tena kwa bahati.

Udhaifu mkubwa zaidi ni kwamba namba ya tarakimu sita haikuambii kama mwenye mchoro anaweza kuusimamia ujenzi. Mwaka 1957, katika shindano la jumba la opera la Sydney, Australia, jopo la majaji wanne lilimpa ushindi Jørn Utzon wa Denmark kati ya washiriki 233. Majaji wenyewe waliandika kwamba michoro yake ilikuwa sahili mno. Namna ya kuyajenga mapaa ya jumba hilo ilipatikana miaka kadhaa baadaye. Makisio ya mwanzo yalikuwa sawa na dola milioni 7 za Australia na jengo lilitarajiwa kukamilika 1963. Lilifunguliwa 1973 kwa dola milioni 102, Utzon akiwa amejiuzulu tangu 1966. Leo ni jengo linalotambulisha nchi nzima, lakini waziri wa fedha gani angekubali kupitia hayo tena?

Ndiyo maana sheria za sasa hutenganisha mambo mawili. Shindano linachagua wazo, bila jina. Kisha serikali inaruhusiwa kujadiliana mkataba na mshindi moja kwa moja bila kutangaza zabuni nyingine. Kama washindi ni zaidi ya mmoja, wote lazima waitwe mezani. Hapo ndipo maswali ya ada, ofisi, wahandisi na uzoefu yanaporudi.

Linabaki suala la jasho. Shindano la wazi lenye washiriki mia mbili maana yake ofisi mia moja na tisini na kitu zimefanya kazi ya bure, na nyingi ni ndogo. Ufaransa imelikabili hili vizuri kuliko wengi: katika mashindano ya majengo ya umma yanayolazimishwa na sheria, wanaochaguliwa kuchora hulipwa kila mmoja, na malipo hayashuki chini ya asilimia 80 ya thamani iliyokisiwa ya kazi waliyotakiwa kufanya. Kwa hiyo huko waandaaji huchuja kwanza kwa sifa, kisha hualika ofisi chache tu, maana kila anayeingia ana gharama.